Paka wa jikoni anapougua: dalili, sababu na la kufanya

Napika kwa kuagizwa: pilau ya hitima, samaki wa kupaka, futari wakati wa Ramadhani. Chungu kikishapanda motoni, paka wangu watatu hupanga foleni kwenye kizingiti cha jiko. Karafuu yuko mbele daima, Mdalasini nyuma yake, na Tui, mweupe na mwoga, anachungulia kutoka mlangoni. Nawapenda na sioni haja ya kulificha. Kwa sababu majirani wanajua hivyo, miaka yote hii wamekuwa wakinigongea mlango na paka kwenye kikapu, na maswali yao ni yaleyale. Nimegundua kwamba mara nyingi tatizo lilianzia kwenye chungu chetu wenyewe. Tulimpa paka chakula chetu kwa mapenzi, na chakula chetu hakikuwa chake.

Kwa hiyo kabla ya yote, shika desturi hii: fungu la paka hutolewa chunguni kabla ya kitunguu na chumvi kuingia. Mengi yaliyo hapa chini yasingetokea kama desturi hiyo ingefuatwa.

Kwanza mtazame

Usikimbilie dawa. Keti naye dakika tano, angalia mambo haya.

Inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Fizi ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Zibonyeze kidogo, zitakuwa nyeupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde 2. Wapo paka wenye fizi nyeusi kwa maumbile. Hao vuta chini ukope wa jicho utazame upande wa ndani. Akiwa amelala, hesabu mbavu zinavyopanda na kushuka: zisizidi mara 30 kwa dakika. Kisha jiulize maswali mawili ambayo watu hawajiulizi: mara ya mwisho umemwona akikojoa lini, na tangu jana jikoni kumepikwa nini.

Yapo mambo ambayo hayatibiki nyumbani, na ukiyaona acha kusoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo: dume anajikamua mkojo usitoke, paka anahema kwa mdomo wazi, fizi zimekuwa nyeupe, za bluu au za kahawia, ameshikwa na degedege, uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, au amemeza kidonge cha binadamu, hasa parasetamoli.

Amesusa chakula

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na sababu ya kwanza si ugonjwa. Amekula kwingine. Katika mitaa yetu paka mmoja ana nyumba tatu na kila nyumba inamwita jina lake. Anayeishi karibu na Forodhani, pale wauza samaki na mishikaki wanapopanga meza zao jioni, asishangae paka wake akirudi usiku tumbo limejaa na kugeuza uso mbele ya bakuli. Uliza majirani kwanza.

Sababu ya pili ni baridi. Paka hula kwa pua kabla ya ulimi, na nyama iliyotoka kwenye friji haina harufu ya kumvuta. Weka bakuli lake ndani ya sufuria yenye maji ya moto kwa dakika chache hadi chakula kiwe vuguvugu, kisha kijaribu kwa mgongo wa mkono kama unavyojaribu uji wa mtoto. Tui alisusa siku mbili za mvua za masika, tayari nimeshaanza kulia, kumbe alikuwa anataka supu ipashwe moto.

Baada ya hapo angalia bakuli lenyewe. Je, linanuka sabuni? Liko karibu na boksi lake la mchanga? Paka hapendi kula karibu na choo, kama wewe usivyopenda. Halafu fikiria kama umembadilishia chakula ghafla. Kubadilisha kunataka siku saba hivi: kijiko kimoja cha kipya ndani ya cha zamani, kesho viwili, na kuendelea.

Kama hayo yote si tatizo, tazama anavyosusa. Paka anayekuja mbio, akanusa, akalamba mara moja, kisha akarudi nyuma au akatikisa kichwa, ana njaa lakini mdomo unamuuma: jino bovu, kidonda au mwiba. Paka mwenye mafua hasikii harufu. Mpanguse pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisha mpe kitu chenye harufu kali, kama supu ya dagaa wasio na chumvi. Lakini paka asiyenyanyuka kabisa, aliyejikunja pembeni au kujificha chini ya kitanda, huyo ni mgonjwa wa mwili mzima.

Chungu changu cha wagonjwa ni hiki. Paja la kuku na mioyo ya kuku, maji ya kufunika tu, bila chumvi, bila tangawizi, bila kitu. Ikishaiva nachambua nyama kwa vidole, natoa kila mfupa, na nampa pamoja na maji yake. Maji hayo usiyamwage. Ndani ya nyama kuna kitu kinachoitwa taurini ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, na nyama ikichemshwa taurini huyeyukia kwenye maji. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, walionyesha kwamba paka waliopungukiwa taurini walikuwa wakipata ugonjwa wa moyo kutanuka na kudhoofu, na kwamba wengi walipata nafuu waliporudishiwa. Upungufu huohuo huua macho polepole. Moyo wa kuku na nyama nyeusi ya paja vina taurini nyingi kuliko kidari cheupe tunachokithamini sisi. Na wali mtupu uliorowekwa mchuzi, ambao ndio chakula cha paka wengi nchini, karibu hauna kabisa.

Wapi uishie: paka mkubwa akipitisha saa 24 bila kuonja kitu, nenda kwa daktari. Mtoto wa paka usimngojee zaidi ya nusu siku. Na paka mnene ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini likijaa mafuta anaweza kufa hata kama ugonjwa wa awali ulikuwa mdogo. Kwa hiyo ule ushauri wa "mwache afunge tumbo lisafike" usiufuate kwa paka.

Anatapika

Kwanza hakikisha anatapika. Paka anayejikunyata chini, shingo ameinyoosha mbele, anakohoa kwa sauti kavu na hakitoki kitu, huenda ana pumu au tatizo la mapafu. Mrekodi kwa simu na umwonyeshe daktari.

Akitoa chakula kizima, hakijasagika, dakika chache baada ya kula, amekula kwa pupa. Mara nyingi ni nyumba yenye paka zaidi ya mmoja. Watenganishe, na chakula kitandaze kwenye sinia badala ya bakuli refu ili alambe kidogo kidogo. Akitoa kitu kirefu kama kidole chenye manyoya, ni manyoya aliyojilamba. Mchane kila siku. Akitapika povu la manjano baada ya kulamba mafuta ya kukaangia au ngozi ya kuku, mpumzishe saa chache, kisha mpe vijiko viwili vya ile supu, na baada ya muda vingine viwili.

Kinachonitisha ni uzi. Uzi wa kufungia nyama, nyuzi za gunia la mchele, karatasi ya alumini iliyofungiwa samaki wa kuchoma: vyote vinanukia mchuzi na vyote humezwa. Uzi ukishika chini ya ulimi na ncha ya pili ikafika utumboni, utumbo hujikunja na kukatika. Ukiuona, usiuvute. Nakuomba sana, usiuvute, hata kama unaonekana kuja. Mpeleke kwa daktari uzi ukiwa vilevile. Baada ya kupika, vitu hivyo viende kwenye ndoo yenye kifuniko siku hiyohiyo.

Kutapika zaidi ya mara tatu kwa siku, kutapika damu, au kutapika hata maji ni kazi ya daktari.

Anaharisha

Maziwa. Karibu kila mara jibu la kwanza ni maziwa. Picha ya paka na kisahani cha maziwa imetukaa kichwani, lakini paka mkubwa hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, nayo hugeuka kuhara. Anachohitaji ni maji. La pili ni tui la nazi na samli. Wengi hudhani paka anayelamba haluwa au kaimati anapenda utamu. Hasikii utamu hata kidogo: mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, Marekani, walieleza kwamba jeni inayohusika na kuonja sukari kwa paka imeharibika. Anachokifuata ni mafuta, na tumbo lake halimudu mafuta mengi kwa mkupuo.

Baada ya hayo njoo kwenye chakula kilicholala, hasa samaki aliyekaa nje kwenye joto letu. Kisha minyoo. Ukiona vitu kama punje za mchele karibu na mkundu au mahali anapolala, hiyo ni tegu, na tegu huletwa na viroboto, kwa hiyo kutibu minyoo bila kutibu viroboto ni kuchota maji kwa pakacha.

Paka mchangamfu anayeharisha, mpe nyama ya kuku ya kuchemsha kwa siku mbili na maji mengi. Mtoto wa paka ambaye hajachanjwa, anayeharisha na kutapika pamoja na kuzubaa, asisubiri jioni. Kuna virusi vinavyoua watoto wa paka ndani ya siku moja mbili, na chanjo yake ipo.

Anakwenda mchangani kila mara, hatoi kitu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoona paka akifa aliyeweza kupona.

Jirani yangu alikuja asubuhi akaniambia dume lake limefunga choo, linajikamua tangu jana. Alikuwa amempa mafuta ya nyonyo ya kulainisha tumbo. Nilipomshika tumbo la nyuma nikakuta kitu kigumu, cha duara, kama chungwa dogo. Kilikuwa kibofu. Hakuwa amefunga choo, alikuwa hajakojoa. Tulipofika kwa daktari alikuwa tayari amepoa masikio, na hakufika mchana. Yule mama alilia kama amefiwa na mtu wa nyumbani, na kweli alikuwa amefiwa na wa nyumbani.

Anavyokaa paka anayejikamua mkojo na anavyokaa anayejikamua choo havitofautiani machoni. Ndiyo sababu kila dume anayechuchumaa bila matokeo ahesabiwe kuwa na mkojo uliozibwa mpaka ithibitike vinginevyo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana kuelekea mwisho, na hata punje ndogo au ute hutosha kuuziba. Ukizibika kabisa, sumu ambazo figo zilipaswa kuzitoa hurudi kwenye damu, potasiamu hupanda, moyo huyumba, na ndani ya siku mbili tatu paka hufa.

Sasa sababu, tukianza na iliyo ya kawaida zaidi. Kwa paka wasio wazee, inayoongoza ni uvimbe wa kibofu usio na kijidudu, unaohusishwa sana na wasiwasi: wageni wa shughuli, paka mpya, kuhamishwa, mchanga mchafu. Inayofuata ni chembechembe kama mchanga zinazojijenga kwenye mkojo mzito, kisha mawe ya kibofu. Maambukizi ya bakteria, ambayo watu huyataja kwanza na kuyanunulia vidonge dukani, kwa paka vijana ni machache; huonekana zaidi kwa wazee.

Dalili za mapema unaweza kuziona ukitaka: anakojoa matone, anajilamba sana sehemu za nyuma, anakojoa kwenye beseni au sakafu baridi ya bafuni, mkojo una wekundu. Kama matone bado yanatoka na paka anakula na kucheza, panga kumwona daktari siku hiyo au kesho yake, na wakati huohuo anza na maji.

Kwa ujumla paka anahitaji takriban mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, tukihesabu na yaliyomo kwenye chakula. Paka wa kilo 4 ni kama glasi ndogo. Lakini paka ni mvivu wa kunywa. Asili yake ni ya jangwani na amezoea kupata maji ndani ya mawindo. Kwa hiyo mchukulie maji mpaka mdomoni: kila mlo wake uwe na supu. Weka bakuli za maji sehemu mbili tatu, pana ili masharubu yasiguse ukingo, mbali na chakula. Wangu wanapenda maji ya mtungi kuliko ya bomba, na mimi nimewaachia kata yao.

Dagaa wakavu ni wazuri ila chumvi na mchanga vilivyomo ni adui. Waroweke usiku, mwaga maji, wachemshe, mwaga tena. Hata kama ni omena waliotoka Kisumu au dagaa wa Mwanza wasiotiwa chumvi, osha mchanga.

Ishia hapa: matone hayatoki kabisa, au anapiga kelele akichuchumaa, au ametapika na kuzubaa. Usilikamue tumbo lake, kibofu kinaweza kupasuka. Usimpe dawa ya kukojoza, maana unaongeza maji kwenye bomba lililozibwa. Hata kama ni saa 8 usiku, tafuta daktari.

Fizi zimepauka, mkojo kama chai ya rangi

Paka alikuwa mzima Ijumaa. Jumatatu hapandi ukuta, analala, fizi nyeupe au zina umanjano, mkojo una rangi ya chai. Nauliza: Ijumaa mlipika nini? Pilau. Alipewa? Mifupa na masalio ya masala.

Masala ya pilau yanaanza na kitunguu maji kilichokaangwa hadi kiwe hudhurungi, kisha kitunguu thomu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka; zinapasuka, na damu inapungua siku chache baadaye. Huo ucheleweshaji ndio unaotupoteza, kwa sababu hakuna anayekumbuka chungu cha siku tatu nyuma. Kiasi kinachotajwa kuwa cha hatari ni kama gramu 5 za kitunguu kwa kilo ya uzito wa paka. Paka wa kilo 4 ni gramu 20, chini ya nusu ya kitunguu cha kawaida, na kidogo kidogo cha kila siku nacho hujumlika. Kupika hakuondoi sumu. Kukausha huikusanya, ndiyo maana unga wa kitunguu na vile vipande vya supu vya kununua ni vibaya zaidi, na thomu ni kali kuliko kitunguu. Kumtolea vipande vya kitunguu mchuzini hakusaidii. Kimeshaingia kwenye mchuzi.

Nakumbuka niliposikia haya mara ya kwanza, nilikaa chini nikafikiria mapande yote ya nyama ya mchuzi niliyokuwa nimemlambisha paka wangu wa zamani nikidhani namtukuza.

Angalia kwanza: amekula lini, kiasi gani. Kama ni saa moja au mbili zilizopita, mpigie daktari, kwa sababu yeye anaweza kumtapisha salama. Usimtapishe kwa chumvi, chumvi yenyewe ni sumu kwake. Kama dalili zimeshaonekana, hakuna dawa ya jikoni. Anaweza kuhitaji hata kuongezewa damu. Sababu nyingine za fizi kupauka ni viroboto wengi kwa watoto wa paka, minyoo, na magonjwa ya damu yanayoenezwa na wadudu, na zote zinataka kipimo.

Fizi zikiwa za kahawia na uso au miguu imevimba, fikiria parasetamoli. Kuna watu humpa paka nusu kidonge akiwa na homa, kwa nia njema kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Mpeleke saa ileile.

Anadondosha mate, anajipapasa mdomo kwa mguu

Mwiba wa samaki, mara nyingi. Changu na tasi wana miba inayokaa vizuri sana kati ya magego, ikivuka paa la mdomo. Mwombe mtu amfunge paka kwa taulo akiacha kichwa tu, washa tochi, fungua mdomo. Mwiba uliolala mbele, unaouona mwanzo na mwisho wake, unaweza kuutoa kwa koleo ya nyusi. Uliozama kooni au uliochoma nyama mwachie daktari; ukiusukuma utauzamisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa ni hatari kwa jinsi hiyohiyo, inachanika kama vijiti vya mwanzi.

Pili, pilipili. Mate yatadondoka nusu saa kisha yatakwisha, mpe maji. Tatu, dawa ya wadudu. Mate pamoja na kutetemeka, baada ya nyumba kupigwa dawa ya mende au baada ya paka kupakwa dawa ya kupe ya mbwa, ni sumu. Dawa nyingi za mbwa zina pemethrini, ambayo paka haivumilii. Kama imo kwenye manyoya, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mkaushe, kimbia naye kwa daktari.

Kwa walio karibu na diko la wavuvi: bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha. Wavuvi humtupa ufukweni, na paka hawasomi sumu iliyo kwenye ini na mayai yake. Mate, kuyumba, miguu kufa ganzi, pumzi kukatika. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Daktari anaweza tu kumsaidia apumue hadi iishe. Ukimwona bunju mchangani, mfukie.

Na kama paka asiyechanjwa anadondosha mate, amebadilika tabia, ni mkali bila sababu au hawezi kumeza, usitie mkono mdomoni. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Anayumba, anachechemea, shingo imeinama

Kwa paka wa pwani, naanza na samaki mbichi. Aina fulani za samaki, wakiwemo baadhi ya dagaa, zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa utumbo na vichwa vibichi wiki baada ya wiki huanza kwa kukosa hamu, kisha kuyumba, kisha kidevu kinashuka kifuani hawezi kuinua kichwa, mwisho degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo chemsha. Akishafikia kuinamisha shingo anahitaji sindano ya vitamini, na akiwahiwa hupona vizuri ajabu.

Jodari peke yake kila siku ni kosa jingine. Mafuta yake mengi bila vitamini E ya kutosha husababisha mafuta ya chini ya ngozi kuvimba na kuuma. Paka analia ukimgusa mgongo. Ini nalo, tamu kwake kuliko kitu chochote, liwe kipande cha kidole mara moja kwa wiki: vitamini A ikizidi kwa miezi, mifupa ya shingo huota na kushikana.

Mtoto wa paka anayechechemea na hajaanguka, uliza kama analishwa steki tupu. Nyama haina kalisi ya kutosha, na mwili huikopa kwenye mifupa yake mpaka inapinda. Kwa kilo moja ya nyama isiyo na mfupa mimi huchanganya kijiko kimoja cha chai cha ganda la yai lililokaushwa na kusagwa liwe unga laini kama poda. Hata hivyo chakula cha kupika nyumbani peke yake kwa mtoto anayekua ni kitu cha kupangwa na daktari. Wangu walikula chakula cha kununua cha watoto wa paka hadi walipotimiza mwaka, na supu ilikuwa nyongeza.

Miguu ya nyuma ikifa ghafla kwa pamoja, ikiwa baridi, na paka akilia kwa maumivu, ni damu iliyoganda, na mara nyingi moyo ndio chanzo. Usikande, usipashe moto. Nenda.

Ameungua

Jiko la mkaa hubaki na joto baada ya sisi kusahau, na paka hupenda joto. Kila usiku kabla ya kulala nalifunika jiko kwa sinia la bati lenye jiwe juu. Akiungua kiganja, kishikilie chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 10 hadi 20. Barafu, dawa ya meno, asali, samli, vyote hapana. Malengelenge, ngozi iliyochunika au mafuta ya moto yaliyomwagikia mgongo ni kwa daktari, hata kama manyoya yanaficha jeraha.

Mjamzito yumo nyumbani, wanasema paka atolewe

Hili si ugonjwa wa paka, lakini limeniletea paka wengi kikapuni kuliko magonjwa, wameletwa waachwe. Hofu ni ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hofu ina msingi, ila paka hahitaji kufukuzwa. Mayai ya kimelea hicho hutoka na kinyesi cha paka aliyeambukizwa karibuni, na huchukua angalau siku moja kabla hayajaweza kuambukiza. Basi mchanga ubadilishwe kila siku, na abadilishe mtu mwingine, si mjamzito. Asiposaidiwa, avae glavu, aoshe mikono. Nyama anayopewa paka na wanayokula watu ipikwe iive. Mboga za bustani zioshwe vizuri. Ubao wa kukatia nyama mbichi usikatiwe kachumbari.

Mdalasini alikuja hivyo, akiwa na miezi minne, na bakuli lake dogo la bluu kikapuni. Mwenyewe alikuwa na mimba ya pili na mama mkwe hakutaka kusikia. Alijifungua salama, na sasa kila Ijumaa huja na mtoto wake kumtazama paka, wakakaa wote watatu kizingitini wakingoja nitoe fungu la kwanza chunguni.